Kumimina Machubwi Yako Mwenyewe

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Hicho cha pili tuwaachie wenye leseni. Risasi yetu leo inakwenda chini ya maji: chubwi la mshipi. Mwamba unayameza machubwi kama karanga, na mvuvi aliyechoka kununua mengine kila wiki hufika siku akasema, haya, nitayamimina mwenyewe. Siku hiyo ikifika, shika haya.

1. Jua unachokiyeyusha. Vile vipande vidogo anavyobandika fundi kwenye ringi ili gurudumu lisitetemeke ni mali nzuri, lakini si vyote ni risasi: siku hizi vingi ni chuma au zinki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki inangoja mpaka karibu 420. Kwa hiyo moto ukiwa wa wastani, vinavyoelea bila kuyeyuka viopoe. Ukizembea, zinki ikaingia, mchanganyiko unakuwa kama uji wenye mabonge na hauingii kwenye kalibu. Ganda la risasi la kebo za zamani pia linafaa, ila muulize anayekuuzia kebo hiyo aliitoa wapi. Akianza kuangalia pembeni, shika njia yako.

2. Betri ya gari usiiguse. Najua ndiyo inayopatikana kirahisi. Ndani yake kuna asidi, na risasi yake huchanganywa na vitu kama antimoni na aseniki. Ukiichoma ovyo unaweza kutoa gesi zinazoua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukutani pa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na watoto wao wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyeanza kukipigia kelele kiwanda hicho baada ya mwanawe kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda chenye bomba la moshi. Wewe una jiko la mkaa uani.

3. Tumia chombo cha chuma kizito. Sufuria ya alumini hapana: mkaa ukipulizwa vizuri unaweza kuilegeza kitako, na hutaki kuwa umesimama karibu kitako kikiachia.

4. Maji ni adui. Risasi inaunguza, hilo kila mtu anajua. Wasilolijua wengi ni kwamba kipande chenye unyevu kikizama kwenye risasi iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi juu kama mafuta ya maandazi, ila hii inaganda kwenye ngozi. Jaza chombo kikiwa baridi, ndipo uwashe moto. Ukitaka kuongeza, kipande kikae kwanza ukingoni mwa jiko kikauke kabisa. Mawingu yakikusanyika, ahirisha. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, miwani. Malapa na kikoi viwe vya jioni.

5. Isafishe. Ikishayeyuka, tia kipande cha nta ya mshumaa ukubwa wa punje ya hindi, ukoroge kwa chuma kikavu. Itatoa moshi, pengine iwake, kwa hiyo rudisha uso nyuma. Uchafu utapanda juu, uuengue. Chini yake utaona risasi inang'aa kama kioo. Uso wake ukianza kugeuka bluu na zambarau haraka haraka, moto umezidi.

6. Kalibu ipate joto kwanza. Machubwi yangu ya mwanzo yalitoka na mikunjo kama mizizi ya tangawizi, nikailaumu risasi. Kumbe kalibu ilikuwa baridi. Sasa naipasha ukingoni mwa jiko, kisha napitisha mwali wa kibatari ndani yake mpaka ishike masizi mepesi. Risasi inateleza vizuri na chubwi halinati. Mawili matatu ya kwanza yarudishe chomboni bila huruma. Kalibu ya plasta nayo huifaa kazi hii, mradi imekauka kwa siku kadhaa, si kwa saa kadhaa (rudi namba 4). Kitanzi cha waya wa shaba kiweke kabla ya kumimina.

7. Mimina kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, chubwi linakuwa na mshono. Halafu yapime yote. Chubwi la gramu 60 ni kama sentimita za ujazo 5.3 za risasi, kitu kidogo tu, na kiputo cha hewa ndani yake kinakupunja bila wewe kuona. Mimi, linalopishana na wenzake kwa zaidi ya gramu 2 linarudi motoni. Wenzangu huniona mshamba kwa mzani wangu mdogo, lakini mkono huzoea uzito mmoja, na ukishauzoea unaangusha mshipi pale pale kwenye ukingo wa mwamba alipolala chewa. Machubwi yakiwa kila moja na uzito wake, kila mrusho unaanza kujifunza upya.

8. Umbo lifuate mahali. Kwenye mchanga, la piramidi hung'ang'ania. La duara hubingirika. Mkondo ukiwa mkali, siku za bamvua, chukua bapa kama sarafu. Penye matumbawe funga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wako: likinasa, unapoteza chubwi peke yake, samaki na ndoana vinakuja.

9. Vumbi. Moto ukizima ndipo wengi hulegea, wakati ule unga wa kijivu juu ya uchafu uliouengua ndio unaoingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Fanya kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Usile wala kuvuta sigara. Nguo zifuliwe peke yake. Zile risasi ndogo zenye mpasuko usizibane kwa meno, hata kama babu yako alifanya hivyo maisha yake yote. Na chombo ulichoyeyushia, hata ukikisugua kwa mchanga mpaka king'ae, hakirudi jikoni.