Kabla ya Kunyoosha Meno, Tazama Mizizi

"Daktari, jino hili la utotoni limekataa kung'oka. Na meno yake yamepandana, nataka atiwe nyaya." Hayo ni maneno ya mama mmoja aliyemleta bintiye wa miaka 13 kwangu hapa Isiolo. Nilipochungulia mdomoni, jino la chonge la ukubwani halikuwapo upande mmoja wa taya la juu. Nilimsihi asikubali nyaya kabla ya eksirei.

Kwa nini? Jino tunaloliona ni sehemu tu. Mzizi umefichika ndani ya mfupa, na nyaya zinapovuta jino huvuta na mzizi wake. Jino la chonge likiwa limelala mahali pasipo pake, laweza kuula mzizi wa jino la jirani pole pole, bila maumivu, hadi jino zima la mbele lilegee.

AINA ZA PICHA

Picha ndogo huonyesha meno mawili au matatu kwa uwazi, tangu juu hadi ncha ya mzizi.

Picha ya taya zima huonyesha meno yote kwa pamoja, hata yasiyoota. Hata hivyo, huyatandaza kama ramani, kwa hiyo mzizi ulionyooka waweza kuonekana umeinama.

Picha ya kichwa kwa ubavu, inayotumika tangu mwaka 1931, hupima jinsi taya na meno ya mbele yalivyoelekea.

Skani ya pande tatu huonyesha mzizi ulipo hasa, lakini mionzi yake huweza kuwa mara kadhaa zaidi. Hufaa pale tu picha nyingine zimeshindwa kutoa jibu.

Msomaji, mara nyingi picha mbili ndogo hutosha. Njia hii ilielezwa na C. A. Clark mwaka 1910. Ijaribu: funga jicho moja, weka vidole viwili mbele yako, kimoja nyuma ya kingine, kisha sogeza kichwa kulia. Kidole cha nyuma kitaonekana kusogea kulia pamoja nawe. Vivyo hivyo, mashine ikisogezwa, jino lililojificha upande wa kaakaa huifuata. La upande wa mdomo huenda kinyume.

JE, MIONZI INA MADHARA?

Mionzi ya picha ya taya zima ni kidogo, kama ile tunayopata kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Hata hivyo, mtoto asipigwe picha bila sababu.

MZAZI AFANYE NINI?

Mtoto akifika miaka 10, papasa ufizi juu ya jino la chonge la utotoni. Usipogusa kinundu, au kikiwa upande mmoja tu, mwone daktari wa meno. Likigunduliwa mapema, pengine kung'oa jino la utotoni tu kutalipa lile jipya njia. Ukitumwa kwa mtaalamu Meru au Nairobi, beba picha za awali zisirudiwe bure. Muulize: "Mizizi iko wapi?"

Picha za binti yule zilionyesha jino limelala kwenye kaakaa, na mzizi wa jirani bado mzima. Lilifunuliwa kwa upasuaji mdogo, na sasa linavutwa taratibu kwa nyaya.