Arobaini Ikishapita, Wageni Wakishaondoka

Hongera kwa uzazi, mdogo wangu. Najua hongera umezipokea nyingi, pamoja na kanga, sabuni na kuku. Leo sikuletei nyingine. Nataka tuzungumze habari ya ile wiki ambayo arobaini imeisha, mama mkwe amepanda basi kurudi kwake, majirani hawapiti tena kuuliza hali, na wewe umebaki na mtoto begani, ndoo ya nepi mlangoni na mume anayeuliza leo tunakula nini. Hapo ndipo wengi wenu mnaponipigia simu mkilia. Na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa.

Hujashindwa. Hebu tazama wazee walivyoipanga arobaini yenyewe. Mzazi hapiki, hachoti maji, hafui. Yupo wa kumkanda, yupo wa kumpikia, yupo wa kumwogeshea mtoto. Uchaggani mtori uko jikoni tangu asubuhi. Pwani ni uji wa pilipili manga na supu ya kuku au ya samaki. Kazi ya mzazi ni kunyonyesha na kulala, basi. Ukihesabu, nyumba ya mzazi ilikuwa na wanawake watatu au wanne wanaopokezana. Sasa wote hao wameondoka siku moja, kazi zao zote zimekuangukia wewe, na wewe ndiye usiyelala usiku. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Ni mwanamke gani, hata awe na nguvu kiasi gani, atanyonyesha hivyo, apike, afue, apige deki, kisha atabasamu? Mkono mmoja haulei mwana. Waliosema hivyo walikuwa na ua uliojaa watu, na bado waliona mkono mmoja hautoshi. Sembuse wewe uliyepanga vyumba viwili Mbagala, huna hata shangazi wa karibu.

Kinachowaponza ni kujikaza. Mtu anakuuliza, unaendeleaje? Unajibu, mzima kabisa. Wifi anapiga simu, je, nije? Unasema usisumbuke. Usiku unalia bafuni umefungulia bomba ili mtu asisikie. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Wewe umeshazaa, sasa unaficha nini? Mtu akiuliza akuletee nini, mwambie akuletee chakula kilichopikwa. Mwambie wifi, Jumamosi njoo unifulie. Taja siku, taja kazi. Ukisema tu "nisaidieni jamani," kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda. Na mgeni akija wakati umelala, usiamke kumchemshia chai. Kama ni wa kukupenda ataijua njia ya jikoni, na kama ameudhika, ataudhika na kesho atasahau.

Sasa tuje kwa baba wa mtoto, maana hapa pana kosa mnalolifanya wengi bila kujua.

Nilishuhudia mwenyewe nyumba moja. Baba karudi kazini, kanawa mikono, kamchukua mtoto ambadilishe nepi. Kamlaza kitandani, kaishika miguu miwili kwa mkono mmoja kama alivyomwona mama yake akifanya, jasho linamtoka. Nepi imekaa upande, paja moja limefunikwa na jingine liko wazi. Ameshafunga pini ya kwanza, anatafuta pa kuchomeka ya pili, mkewe huyo anaingia mbio: "Siyo hivyo! Utamchoma, lete huku." Kamsukuma kwa kiwiko, kaifungua nepi yote, kaanza upya. Yule baba alisimama pale mikono mitupu, kisha akatoka kwenda sebuleni na simu yake. Siku iliyofuata hakujaribu. Baadaye akaanza kuchelewa kurudi. Halafu mke ananiambia, dada, mwenzangu hampendi mtoto.

Anampenda. Alifukuzwa. Mwache afunge nepi upande, mdogo wangu. Itavuja, shuka litalowa, shuka litafuliwa. Mara ya kumi atafunga vizuri, na mtoto ataijua mikono yake na harufu yake. Wewe mwenyewe hukuzaliwa unajua. Ulifundishwa na mama pale kitandani, ukakosea, na hakuna aliyekunyang'anya mtoto. Yeye nani amemfundisha?

Na wewe shemeji, najua unasoma pembeni ya mkeo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ile ya mwaka 2004, inakupa likizo ya malipo ya angalau siku 3, uichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 huishia kwenye kupokea wageni na kulipa bili. Kwa hiyo ubaba wako uko jioni na usiku, hauna mahali pengine. Kunyonyesha huwezi, lakini kucheulisha unaweza. Kuogesha unaweza, kuchota maji unaweza, na saa tisa za usiku unaweza kumbeba ukazunguka naye chumbani ili mwenzio apate saa moja ya usingizi wa maana. Ukirudi ukakuta sufuria chafu, usiulize mbona nyumba iko hivi. Osha. Najua na wewe una yako kichwani: kodi, pampasi, deni la hospitali. Wanaume wengi huyabeba hayo kimya, mke akaona uso umekunjwa, akadhani amechokwa. Mwambie mkeo ni pesa zinakusumbua. Ni afadhali ajue mfuko hauna kitu kuliko adhani moyo ndio hauna kitu.

Habari ya chumbani nayo tusiikwepe, kwa sababu ndoa nyingi hupata ufa hapa. Mwili una kidonda. Damu haijakata, mshono unavuta, usingizi hakuna, na hamu imekwenda. Hiyo ni kawaida na itarudi. Subirini kidonda kipone, damu ikate, na pale kliniki mkaulize bila haya. Lakini wako wanaotishwa na habari ya kubemenda, kwamba mama au baba akikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, mtoto atadhoofu. Ninaomba mnisikilize vizuri hapa. Mtoto akinyong'onyea, daktari anatazama kama ananyonya vya kutosha, kama anaharisha, kama ana malaria au kifua. Hapimi tabia ya mama yake. Nimeona mwanamke anachelewa kumpeleka mtoto hospitali kwa kuogopa ndugu wa mume watasema ametoka nje ya ndoa. Mtoto anazidi kuishiwa maji huku watu wazima wanatafutana makosa! Mpeleke mtoto kwanza. Maneno yatangoja.

Walakini wazee walikuwa na jambo la kweli ndani ya onyo lile. Mimba ikiingia haraka, mtoto wa kwanza aliachishwa ziwa kabla ya wakati, na mtoto huyo alidhoofu kweli. Leo tunayo njia nyingine ya kulinda hilo. Wataalamu wanashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa hedhi haijarudi uko salama, maana yai huweza kupevuka kabla hujaiona damu. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu mtoto yuko chini ya miezi 6, ananyonya mchana na usiku bila kupewa kitu kingine, na hedhi haijarudi. Kimoja kikikosekana, kinga hiyo usiitegemee tena. Kijiti, kitanzi, sindano, vyote ulizia kliniki, na uwaambie unanyonyesha ili wakupe kinachokufaa.

Hiyo kliniki itumie, mdogo wangu. Mtoto atachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wiki ya 6 inaangukia palepale arobaini inapokwisha. Unafika na kadi, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, analia, unambembeleza, unarudi nyumbani. Muuguzi akikuuliza, na wewe mama hujambo? Unasema sijambo. Ndiyo nafasi hiyo umeiacha ipite!

Kwa maana lipo jambo moja ambalo sitaki ulifiche hata siku moja. Machozi ya siku za mwanzo, yale yanayokujia bila sababu siku ya tatu au ya nne, huwapata wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Lakini wiki mbili zikipita na bado moyo ni mzito, hulali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, ukimtazama mtoto husikii chochote au unamwogopa, hiyo ni sonona baada ya kujifungua, na ina tiba. Watakuambia ni kukosa shukrani, mbona fulani hana mtoto na anamtamani. Watakuambia ni majini. Wewe nenda ukamwambie muuguzi kwa maneno yako mwenyewe. Na ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu saa hiyohiyo, upelekwe hospitali siku hiyohiyo, na usikubali kubaki peke yako. Hakuna mama mbaya hapo, kuna mama mgonjwa. Shemeji, haya nayo ni ya kwako, kwa sababu yeye anaweza asiyaone na wewe ukayaona.

Damu nyingi inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu: hospitali bila kujadiliana. Mtoto aliyegoma kunyonya, mwenye homa, anayepumua mbio au aliyelegea: vilevile.

Mama mkwe kaondoka, lakini simu yake haijaondoka. Mjukuu analia? Ana njaa huyo, mpe uji mwepesi. Mpe maji, kuna joto. Mlambishe asali. Anasema kwa mapenzi, na wanawe aliwalea. Usimjibu kwa ukali, wala usimfuate. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitajiki, kwa kuwa yamo ndani ya maziwa. Asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Ila maneno hayo yasitoke kwako. Kila mtu aongee na mama yake. Mume aseme, "Mama, shikamoo, kliniki wametuambia hivi na mimi nimekubali." Ukisema wewe, utakuwa mkwe mjuaji, akisema mwanawe, ni baba anayelinda mtoto wake. Hilo ni dogo, lakini limeokoa masikilizano ya nyumba nyingi ninazozijua.

Wewe uliyeajiriwa, likizo yako ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Ziulize, wengi hawaziombi. Jifunze kukamua kabla likizo haijaisha. Nje ya friji maziwa yasizidi saa 4, na kwenye joto la Dar es Salaam yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji hukaa hadi siku 4. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe safi, maana chupa ni ngumu kuosha vizuri. Wewe wa genge na wewe mama ntilie hamna wa kuwapa likizo. Kwenu nasema mtoto akae karibu na mama mpaka mtakapoweza, na faida ya mwezi huu isilinganishwe na ya mwezi ambao hamkuwa wazazi.

Kama huyu si kifungua mimba wako, yuko mwingine hapo mlangoni ananyonya kidole. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Anambana mdogo wake mashavu kwa nguvu kisha anasema nambusu. Usimchape. Na usimwambie "wewe mkubwa bwana," kwa sababu wiki chache tu zilizopita alikuwa mtoto wako mdogo, na hakuna aliyemuuliza kama anataka ukubwa. Mpe kazi ya kuleta nepi na kumimina sabuni, umsifu mbele ya baba yake. Jioni, mtoto mchanga akiwa kifuani kwa baba, nepi imekaa upande au haikukaa, mkalishe huyu mkubwa mapajani pako, wewe na yeye tu, muulize leo alicheza na nani.