Gari la Zamani kwa Safari za Kila Siku

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Hata hivyo wako watu ambao hadi leo huenda kazini na sokoni kila siku kwa gari la zamani. Jambo hilo lawezekana, mradi mwenye gari alifahamu gari lake.

Mfano mwema ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, iitwayo Beetle. Gari hili lilipata sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1962 lilishinda mashindano ya Safari. La mwisho lilitengenezwa nchini Mexico mwaka 2003. Mwenye nalo na ayashike mambo manne.

Kwanza, mkanda wa feni. Injini hii haipozwi kwa maji, bali kwa upepo wa feni. Feni huzungushwa na mkanda mmoja tu, ambao huzungusha dainamo pia. Mkanda ukikatika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Hapo asijidanganye kwamba mji u karibu. Na asimame mara moja, kwa maana akiendelea injini itaungua. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba wapasa kuingia kama milimita 15. Mkanda wa akiba na spana yake visikose garini.

Pili, mafuta ya injini. Injini huchukua lita 2 na nusu tu, na mafuta hayo hayo husaidia kuipoza. Yapimwe mara kwa mara, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Yabadilishwe kila kilomita 5,000.

Tatu, mipira ipitishayo petroli. Mpira uliozeeka hupasuka, petroli ikadondokea injini yenye moto, na gari likateketea pamoja na mali iliyomo. Bei ya mpira mpya ni ndogo sana kuliko hasara hiyo. Harufu ya petroli isipuuzwe hata siku moja.

Nne, breki. Nyingi za gari hizi hazina breki za namna ya magari ya sasa. Vibao hubana ndani ya ngoma ya chuma. Breki hizo zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto na nguvu zake hupungua. Kwa hiyo mtu ateremkaye kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu atie gia ndogo tangu juu ya mteremko. Tena asilikaribie mno gari lililo mbele yake, kwa kuwa gari jipya husimama upesi kuliko lake.

Mwisho, ikiwa gari halina mikanda ya kujifungia, fundi aitie kabla ya kutengeneza rangi. Rangi hupendeza macho ya wapita njia, lakini mkanda huokoa maisha ya baba, mama na watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.