SOMO: TOFAUTI ZA WATU, NA ADABU YA MWENYE KUZIONA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, kisha akazitofautisha ndimi zao na rangi zao, akaijaalia tofauti hiyo kuwa ishara kwa wenye kujua. Na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba somo hili nimeliandika kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, wala si kwa sababu ya makosa ya watu.

Miaka mingi iliyopita aliletwa chuoni kwangu mtoto wa miaka kumi, ambaye wazee wake walihamia kwetu kutoka pande za Sudan. Nikamwambia asome Alhamdu. Alipofika aya ya nne alilisoma neno la kwanza «maliki» kwa kulifupisha, na sisi husoma «maaliki» kwa kulivuta. Nikamrudisha, akarudia vile vile. Nikamrudisha mara ya pili na ya tatu, naye akasema kwa sauti ndogo, «Maalim, ndivyo alivyonifundisha babu.» Watoto wakacheka, nami nikadhani nimevunjiwa heshima. Nikampiga bakora mbili. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu.

Jioni ya siku ile ya tatu baba yake alinijia barazani baada ya Magharibi. Hakupaza sauti. Alitoa salamu, akakaa, akaniuliza, «Maalim, babu yake mtoto huyu alisali kwa Alhamdu ile umri wake wote, na akafa nayo. Je, sala zake zilikuwa batili?»

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba visomo mashuhuri ni saba, lakini nalivijua kwa majina tu; sikupata kusikia kinywani mwa mtu ila kisomo chetu. Nikadhani kile nilichokizoea ndicho Kurani, na kisichokuwa hicho ni makosa.

FASAL YA KWANZA: TOFAUTI AMBAYO PANDE ZOTE NI SAWA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Sura ya Furqan kwa namna asiyoijua. Alikaribia kumrukia naye yumo katika sala. Akasubiri mpaka alipotoa salamu, akamkamata kwa nguo yake, akamburura mpaka kwa Mtume s.a.w. Tazama alivyofanya Mtume. Kwanza aliamuru Hisham aachiliwe. Pili alimsikiliza asome, kisha akamsikiliza Umar. Tatu akawaambia wote wawili kwamba ndivyo ilivyoteremshwa. Umar alikuwa mkweli katika alichokijua; kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hakuna kingine.

Visomo saba alivikusanya Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra. Wenyewe ni hawa: Nafi wa Madina, Ibn Kathir wa Makka, Abu Amr wa Basra, Ibn Amir wa Sham, na watatu wa Kufa, ndio Asim, Hamza na Kisai. Sisi watu wa pwani husoma kwa Asim, kwa mapokezi ya Hafs, na msahafu uliopigwa chapa Misri mwaka 1924 umezidi kukieneza kisomo hicho. Watu wa Maghribi husoma Warsh kutoka kwa Nafi. Na katika Sudan wapo wasomao mapokezi ya Duri kutoka kwa Abu Amr. Na Abu Amr hulifupisha neno lile, wala halivuti.

Na ajabu kubwa ni hii. Imamu wetu Shafii, tunayemfuata katika sala na saumu na ndoa zetu, alijifunza Kurani Makka kwa kisomo cha Ibn Kathir, naye vile vile hulifupisha. Basi lau Imamu angalikaa mkekani mbele yangu siku ile, hali ya kuwa ni mtoto, ningalimpiga bakora. Nilipolifahamu hili, usingizi uliniruka.

FASAL YA PILI: TOFAUTI YA ADA NA CHAKULA

Katika nyumba ya Bibi Maimuna aliletwa dhabbu aliyeokwa, naye ni mnyama wa jangwani mfano wa kenge. Mtume s.a.w. akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akala, na Mtume akimtazama. Asiyekula hakumharamishia mlaji, wala mlaji hakumcheka asiyekula.

Sasa tujitazame. Kwetu pweza ni kitoweo kizuri, na katika madhehebu yetu ni halali. Jirani zetu Wahanafi hawali katika viumbe vya bahari ila samaki, na pweza kwao hafai. Huja mmoja wao karamuni, akakiacha chakula, mwenye nyumba akanuna, akasema, «Huyu atuona wachafu.» La, hakukuona mchafu, amefuata Imamu wake kama ufuatavyo wako. Mpikie samaki, na iwe ndio heshima yako kwake.

Na wanavyuoni wetu wameihesabu ada kuwa miongoni mwa kanuni kubwa tano ambazo fiqhi hurejea kwazo. Sharia haikutaja namna moja ya kukabidhi kila kiuzwacho, wala mahali pamoja pa kuwekea kila amana. Huangaliwa watu wa mahali pale wafanyavyo. Basi mwenye kuhukumu watu wa mji mwingine kwa ada ya mji wake huwadhulumu.

FASAL YA TATU: MPAKA WAKE

Huenda mtu akauliza, «Je, kila ada ni njema?» Jawabu: Sivyo. Mwenye kumnyima binti fungu lake la urithi, akasema ndiyo mila yetu, mila yake hairudishi hukumu ya Mwenyezi Mungu. Kadhalika walii anayeyala mahari ya mwanamke bila ya ridhaa yake, kwani mahari ni mali ya mwanamke. Hapa hukatazwa, lakini hukatazwa kwa upole na kwa ilimu.

Wala usidhani kwamba mema haya ni baina ya Waislamu peke yao. Abdallah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza kwa kurudia kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Na katika Sura ya Mumtahina Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

KHATIMA

Asubuhi ya pili nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto, nikamtaka radhi mbele ya baba yake. Kisha nikamrudisha chuoni, nikamtaka radhi mbele ya wanafunzi, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomdhili. Nikamwambia aisome Alhamdu kama alivyofundishwa na babu yake, na watoto wakasikiliza, wala hapana aliyecheka. Tangu siku ile, nikisikia nisilolizoea, huuliza kwanza: «Umelipokea kwa nani?» Neno hili ni dogo, na lau ningalilisema mapema, bakora ingalibaki ukutani.

MASWALI KWA WANAFUNZI
1. Mtume s.a.w. aliamuru nini kwanza Umar alipomleta Hisham?
2. Ni nani wasomao neno la aya ya nne kwa kulifupisha?
3. Kuna tofauti gani baina ya kuacha chakula na kukiharamishia watu?
4. Taja ada moja isiyokubaliwa na sharia, na sababu yake.

Ee Mola wetu, tupe ilimu yenye kutunyenyekesha, wala usitupe ilimu yenye kutufanya tuwadharau waja wako. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.