Mwenye Nyumba ya Wageni: Somo kwa Kijana Anayehudumia Waraibu



Somo la kutafakari: Luka 10:25-37. Chukua Biblia yako, soma taratibu mpaka mwisho, kisha turudi hapa pamoja.

Mpendwa kijana, mfano wa Msamaria mwema tumeusikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tunamjua aliyepigwa na wanyang'anyi, tunawajua kuhani na Mlawi waliopita kando, na Msamaria ndiye tunayemsifu. Lakini kuna mtu mmoja ambaye huwa tunamruka: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimhudumia majeruhi mpaka kesho yake, akatoa dinari mbili, akaendelea na safari. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo aliacha mshahara wa siku mbili. Sasa jiulize, ni nani aliyeosha vidonda siku ya tatu? Ni nani aliyeamka usiku majeruhi alipolia kwa maumivu?

Leo tumtazame mtu huyo, kwa sababu wapo vijana wenzetu wanaofanya kazi kama yake: wahudumu wasaidizi katika nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mtaani tunaziita soba hausi.

Majeruhi wa njia yetu

Sisi wa Masasi na Newala hatuna haja ya kwenda Yeriko kumtafuta majeruhi. Msimu wa korosho ukifika, mabibo ni mengi. Yanakamuliwa uraka, na mengine yanapikwa gongo. Malipo ya korosho yakiingia, yupo baba anayemaliza pesa ya mwaka mzima kilabuni huku ada ya watoto haijalipwa. Wapo pia vijana walionaswa na bangi, na wengine waliotoka kutafuta maisha mjini wakarudi na unga mwilini. Tunawaita walevi, tunawaita mateja, na tunapita kando. Wengine tunapita kando tukiwa na rozari mkononi.

Kanisa halifichi ukweli. Katekisimu, namba 2291, inafundisha kwamba dawa za kulevya zinaharibu vibaya afya na uhai wa mtu, na kuzitumia nje ya tiba ni kosa kubwa. Lakini namba 1735 inatukumbusha kwamba mazoea na hali nyingine za nafsi zinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Yaani, ubaya wa tendo hautupi ruhusa ya kumtupa mtu.

Na kuhudumia watu wanaokimbiwa si jambo geni kwetu. Wabenedikti walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na pale Mwena, jirani na Ndanda, walihudumiwa wagonjwa wa ukoma, watu ambao wengi waliogopa hata kuwagusa. Kwa upande wa uraibu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mraibu wa heroini anakwenda kliniki kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Soba hausi ni njia nyingine: mtu anaishi humo kwa miezi, mbali na kijiwe chake, akijifunza upya kulala, kula, kufanya kazi na kusema ukweli.

Fundisho la kwanza: kaa macho

Kazi ya mhudumu msaidizi haina sifa nyingi. Anakagua mizigo ya anayeingia. Anaamsha watu asubuhi, anasimamia usafi na chakula, anakaa zamu ya usiku, anaandika kwenye daftari kila alichokiona. Wengi wanaoifanya ni watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, kwa hiyo wanajua arosto ni nini.

Hapa kuna jambo linalohusu uhai. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kutoka jasho na hata kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona watu au wadudu wasiokuwepo. Hali hiyo inaweza kumuua. Kijana wa maombi akiyaona hayo saa nane usiku, ni rahisi kusema, "Huyu ana pepo," akaanza kukemea. Hapana, ndugu yangu. Mwite muuguzi, tafuta usafiri, mpeleke hospitali, na sali mkiwa njiani. Yoshua bin Sira 38:1-15 anatufundisha kusali tukiwa wagonjwa na kumheshimu daktari, yote mawili, kwa kuwa daktari naye ameumbwa na Mungu.

Fundisho la pili: jua mipaka yako

Mwenye nyumba ya wageni hakuwa mganga wala hakuwa mwokozi. Alipewa mtu amtunze. Mhudumu mwema hatoi dawa kwa kubahatisha, hakopeshi pesa, hapokei zawadi za siri, na hapeleki habari za wagonjwa kijiweni wala kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Hampigi mtu, hamfungi minyororo. Atakayekwambia kwamba mraibu haponi bila fimbo, mwonyeshe mahali ambapo Msamaria alimchapa majeruhi.

Mipaka inamlinda hata mhudumu. Ukijiona wewe ndiye utakayemwokoa kaka huyu, siku akiteleza utavunjika pamoja naye. Yule Msamaria aliahidi kurudi na kulipa gharama itakayozidi. Mababa wengi wa Kanisa walimwona Kristo katika huyo Msamaria. Basi mgonjwa ni wake, na deni ni lake. Wewe maliza zamu yako kwa uaminifu, mkabidhi mwenzako daftari, ukalale.

Fundisho la tatu: akirudia, usifunge mlango

Hili ndilo linalouma kuliko yote. Mtu anakaa miezi sita, ananenepa, anaimba kwaya, anarudi nyumbani, na msimu ujao unamkuta kilabuni. Kwa aliyekuwa anatumia heroini hatari ni kubwa zaidi: mwili umeshaizoea hali ya kuwa bila dawa, hivyo kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua.

Mjue Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa daktari na Mkristo mwema. Alitumia afyuni kutuliza maumivu ya tumbo, akawa mraibu. Alikiri, akaanguka, akakiri tena, mpaka padre akaacha kumpa maondoleo, akidhani hana nia ya kweli. Kwa miaka 30 hivi hakupokea Ekaristi, lakini hakuacha kanisa. Mwaka 1900 alikamatwa kwa sababu ya imani pamoja na watu wa familia yake. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo wa kwao atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Hatusomi popote kwamba aliwahi kushinda afyuni, ila tunajua kwamba hakumwacha Kristo.

Kwa hiyo mtu akitoka soba hausi, nyumba ya wageni ni sisi: familia, jumuiya ndogondogo, VIWAWA wa parokia. Mpeni kazi mchana, mpeni mtu wa kuongea naye jioni, na kwenye sherehe zenu pasikose soda na maji.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wako, ni nani unayempita kando? Unalijua jina lake, au unajua jina la utani tu?
2. Jumuiya yenu ingempokea namna gani kijana aliyetoka soba hausi wiki hii?
3. Ni mpaka gani unaokuwia mgumu kuulinda unapomsaidia mtu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, umetukabidhi ndugu zetu waliojeruhiwa. Wape nguvu wanaokesha nao usiku huu. Utuondolee dharau na haraka. Wanaorudi nyumbani wakute mlango wazi, na wanaoanguka wakute mkono wa kuwainua. Amina.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.