Jua Haki Zako: Kilichosemwa Kochi na Kisichosemwa

Mjomba wangu hasomi magazeti siku hizi, anasoma simu. Mwishoni mwa mwaka 2025 alinitumia ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi: India yapiga marufuku mke wa pili kwa Waislamu bila ruhusa ya mke mkubwa. Chini yake akaongeza alama tatu za mshangao na swali: "Haya, mwanasheria wetu, na hii nayo ni sheria?"

Si sheria, mjomba. Wala hakuna aliyepiga marufuku kitu.

Hukumu iliyozaa ujumbe huo ilitoka Mahakama Kuu ya jimbo la Kerala, iliyoko mjini Kochi, mwishoni mwa Oktoba 2025. Mwanamume mmoja na mkewe wa pili walikwenda kusajili ndoa yao kwenye halmashauri ya kijiji, msajili akakataa. Wakamfikisha msajili mahakamani. Mtu mmoja tu hawakumwingiza kwenye kesi: mke wa kwanza, ambaye ndoa yake ilikuwa bado ipo. Jaji P.V. Kunhikrishnan alilitupa ombi lao kwa sababu hiyo, kisha akaeleza utaratibu. Kwa kanuni za usajili wa ndoa za Kerala za mwaka 2008, msajili akiona kwamba mume ana ndoa nyingine inayoendelea, amjulishe mke wa kwanza na amsikilize. Mke huyo akipinga kwa hoja kwamba ndoa ya pili si halali, msajili asiandike kitu, awaelekeze wote mahakama ya madai ikaamue. Waombaji waliachiwa mlango wazi warudi kuomba upya.

Kwa hiyo nikaha haikuguswa. Kilichoguswa ni daftari la serikali. Usilidharau daftari hilo, maana ndilo lililowapeleka wale wawili mahakamani: mume alitaka mke wa pili na watoto wao wawili wawe na haki yao kwenye mali. Mke wa kwanza naye amepata haki ya kuitwa na kusikilizwa. Kama ndoa ni halali au si halali, hilo litaamuliwa na mahakama.

Hukumu iliyostahili kusambazwa zaidi ya hiyo ilitoka katika mahakama hiyohiyo Aprili 2021, na sikumbuki mtu yeyote kunitumia. Inahusu khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari. Mwaka 1972 jaji mmoja wa Kerala alikuwa ameamua kwamba tangu ilipotungwa sheria ya kuvunja ndoa za Kiislamu ya mwaka 1939, mwanamke Mwislamu hawezi kutoka kwenye ndoa ila kwa kupitia mahakama. Mume akibaki na talaka yake mdomoni, mke alifungua kesi na kungoja miaka. Hali hiyo ilidumu miaka 49. Mwaka 2021 jopo la majaji wawili, A. Muhamed Mustaque na C.S. Dias, likaufuta uamuzi huo wa zamani: njia za kisharia alizokuwa nazo mwanamke, khului ikiwamo, hazikufutwa na sheria ya 1939.

Mume mmoja hakuridhika. Akaomba hukumu ipitiwe upya, hoja yake ikiwa kwamba mke anaweza kuomba khului lakini ridhaa ni ya mume. Mwaka 2022 mahakama ikamjibu kuwa haki ya mke haitegemei ridhaa ya mume. Masharti yapo: mke atamke wazi kwamba anaivunja ndoa, ajitolee kurudisha mahari au faida nyingine aliyoipata kutokana na ndoa, na kabla ya hapo pawe na juhudi ya kweli ya suluhu. Baadaye mahakama ya familia inaweza kuombwa itamke kwamba ndoa imekwisha, na kazi yake hapo ni ndogo, kuangalia tu kama hatua hizo zilifuatwa.

Msomaji wa Mombasa au Unguja atauliza: na sisi? Kwetu kuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola, na khului kwa kawaida hupitia kwake. Kerala haina kadhi wa namna hiyo, ndiyo maana swali la nani anavunja ndoa likawa zito kiasi hicho. Usiichukue hukumu ya Kochi ukampelekea kadhi wa Lamu kama amri. Lakini hoja zake za fiqhi juu ya ridhaa ya mume zinasomeka popote, na wakili makini atazisoma.

Nihamie hospitalini, kwa sababu barua nyingi ninazopata kuhusu India ni za wagonjwa. Kila mwaka watu wetu wanapanda ndege kwenda Chennai, Delhi, Mumbai, Hyderabad, Kochi, wakiwa na michango ya ukoo mzima mfukoni. Swali lao ni moja: fedha zikiisha katikati, itakuwaje?

Novemba 2025 jopo la majaji wawili la Kerala lilikataa rufaa ya vyama vya hospitali binafsi na vya madaktari vilivyokuwa vikiipinga sheria ya jimbo inayosimamia vituo vya tiba. Yaliyothibitishwa ni haya: mgonjwa wa dharura asikataliwe kwa kukosa malipo ya awali au kwa kukosa karatasi, apimwe na aimarishwe hali kwanza, na kama ni lazima ahamishwe, ahamishwe salama. Bei za huduma zibandikwe hadharani. Mgonjwa apewe bili yenye mchanganuo, na anapotoka apewe kumbukumbu za vipimo vyake. Sheria hiyo ni ya Kerala peke yake, na kabla ya kuitegemea mwulize wakili wa huko kama haijaguswa na mahakama iliyo juu. Msingi wake, hata hivyo, ni wa nchi nzima na ni wa zamani. Mwaka 1989, katika kesi ya Parmanand Katara, Mahakama ya Juu ya India ilisema kila daktari, wa serikali na wa binafsi, ana wajibu wa kuokoa maisha kwanza, taratibu zifuate baadaye.

Angalia neno dharura. Hukumu hizi hazimpi mtu upandikizaji wa figo bure. Zinamlinda anayevuja damu mlangoni. Deni la matibabu yaliyopangwa linabaki deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia za kisheria. Wakenya wataona jambo hili si geni: Ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010 inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ushauri wangu ni wa kawaida kabisa. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kulazwa, na omba bili ya mchanganuo kila baada ya siku chache, usingoje siku ya kuondoka. Hiyo ndiyo siku ambayo karatasi huwa nyingi na macho huwa na machozi.

Sasa polisi. Juni 2025 Jaji V.G. Arun wa mahakama hiyohiyo ya Kerala alifuta kesi ya mtu mmoja mwenye jalada la zamani polisi. Askari walikwenda kwake usiku wa manane kuhakikisha yumo ndani, wakagonga, wakamtaka atoke. Alipokataa wakamfungulia mashitaka ya kuwazuia kufanya kazi yao. Jaji alisema kumchunga mtu ni jambo moja na kumgongea mlango saa hizo ni jambo jingine. Mwongozo wa polisi wa Kerala unaruhusu kumfuatilia kwa mbali; hautoi ruhusa ya kwenda nyumbani kwake usiku. Amri ya kutoka haikuwa halali, basi kuikataa si kosa. Hoja hii ina mizizi katika kesi ya Kharak Singh, ambamo Mahakama ya Juu ilizifuta ziara za polisi za usiku huko Uttar Pradesh tangu mwaka 1962. Lakini usiichanganye na usiku wa kukamatwa. Polisi wakija na hati ya kukamata, au wakiwa wanamfuata mtu aliyetenda kosa zito, mlango haukukingi.

Hapa nina neno kwa wanafunzi wetu walioko India, maana wengi hudhani katiba ya wenyewe haiwahusu. Fungua Katiba ya India uone inavyochagua maneno. Ibara ya 19, ya uhuru wa kusema na kukusanyika, inataja raia. Ibara ya 14 ya usawa na ya 21 ya uhai na uhuru zinataja mtu. Wewe ni mtu. Ibara ya 22 nayo inamtaka aliyekamatwa aelezwe sababu, aruhusiwe wakili, na afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24 bila kuhesabu safari. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kutaka ubalozi wako ujulishwe. Aliye kizuizini, na mwanamke yeyote, wana sifa ya kupata msaada wa kisheria wa bure chini ya sheria ya 1987 bila kuulizwa kipato. Namba ya simu ya huduma hiyo kitaifa ni 15100.

Na mzazi aliyempeleka binti bweni huko asome hili. Mwaka 2019 chuo kimoja cha Kerala kilimfukuza bwenini mwanafunzi aliyekataa kukabidhi simu yake kila jioni kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku. Jaji P.V. Asha aliamuru arudishwe, akisema kupata intaneti kumekuwa sehemu ya haki ya elimu na ya faragha. Bweni linaweza kuwa na nidhamu, lakini mtu mzima haamriwi kuzima masomo yake. Mzazi anayelea peke yake naye asome hili: Julai 2022 Jaji Kunhikrishnan, yuleyule wa kesi ya daftari, aliamuru kijana aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye hati zake zilitaja baba wa majina tofauti, apewe cheti chenye jina la mama tu.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya barabara. Agosti 2025 mahakama ilisimamisha ukusanyaji wa tozo kwenye kituo cha Paliyekkara, wilaya ya Thrissur, kwa sababu barabara iliyokuwa ikilipiwa ilijaa mashimo na foleni. Mamlaka ya barabara ilikimbilia Mahakama ya Juu huko Delhi, ikashindwa. Jaji Mkuu wa India wakati huo, B.R. Gavai, aliuliza kwa nini mtu alipe rupia 150 ikiwa atatumia saa 12 kutoka mwisho mmoja wa barabara hadi mwingine. Madereva wa kwetu wangempigia honi. Ila ile ilikuwa amri ya muda. Oktoba kazi ya ukarabati iliposogea, tozo ikarudi. Anayepita pale leo na picha ya hukumu ya Agosti kwenye simu atalipa kama wengine.

Mjomba aliuliza swali la pili: mambo ya Wahindi yanatuhusu nini? Yanatuhusu tangu zamani. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilitumika Kenya na Tanganyika hadi zilipopata kanuni zao mwaka 1930. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya 1961 imefuata ile ya India ya 1872, kwa hiyo wakili wa Dar es Salaam anayegombania mkataba hanukuu Kochi kwa ushamba. Chunga namba za vifungu tu: Julai 2024 India ilibadilisha kanuni yake ya adhabu, na kifungu cha 420, ambacho hata mitaani kilikuwa jina la tapeli, sasa ni cha 318.

Mahakama zetu huzisikiliza hukumu hizo bila kufungwa nazo. Mwaka 1973 shauri la mkuu wa nyumba moja ya watawa ya Kerala, Kesavananda Bharati, lilizaa nadharia kwamba bunge haliwezi kuvunja msingi wa katiba. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi iliikumbatia katika kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha katiba ya Kenya, na Agosti Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema haitumiki kwao.

Nilimwandikia mjomba hayo yote. Akajibu kwa kidole gumba, kisha dakika tano baadaye akanitumia ujumbe mwingine, huu wa mahakama ya Pakistan.