Fedha za Kodi Si Mali ya Mkopeshaji

Kama mwanao yuko Marekani naye amenunua nyumba kwa mkopo, msomee haya. Kila mwezi mkopeshaji, au wakala wake, hupokea fedha za kodi ya nyumba juu ya zile za deni. Huziweka akiba, kisha hulipa kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1974, pamoja na nyongeza zake, yamlazimu kuilipa kwa wakati, maadamu mwenye nyumba hachelewi kulipa deni. Asipoilipa, mahakama yaweza kumtoza fidia ya hasara iliyotokea; na ikiwa kuvunja sheria ndiyo desturi yake, aweza kuongezewa hata dola 2,000. Basi mwanao atunze stakabadhi zote, na akiona kosa aandike barua upesi. Shauri bila karatasi ni gumu.